Binti yangu anapiga hesabu za maziwa kichwani bila kukosea, akipewa daftari anakwama. Shida ni nini?

#1 MamaWatatu
Habari za jioni wakuu.

Tunaishi shambani wilaya ya Kilolo, ndani kabisa kutoka barabara ya lami. Nina mabinti watatu wa miaka 12, 9 na 6, na wote nawafundisha mwenyewe nyumbani. Kabla ya kuolewa huku nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hivyo mtaala naujua, na vitabu napakua Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu kila nikishuka mjini.

Siku yetu huanza kabla jua halijatoka. Baba yao anakamua, mkubwa anawasha moto na kubandika uji, wa kati anasimama mlangoni kuuza maziwa, mdogo anafungulia kuku na kuokota mayai. Tukishakunywa uji tunakaa mezani mpaka saa sita. Mchana ni kazi za nyumbani na shamba: kuchambua maharage, kufua, kuokota kuni, na msimu wa parachichi ukifika kila mkono unahitajika. Usiku tunasoma hadithi kwa zamu, taa ya sola ikiwa imeshiba.

Shida yangu ni wa kati. Mteja akija na kidumu akataka lita tatu na nusu, lita ni 1,200, yeye hata hasiti: "Elfu nne na mia mbili, mama." Mteja akitoa noti ya elfu kumi, anarudishiwa 5,800 pale pale. Sijawahi kupokea lalamiko la mteja hata mmoja. Tukikaa mezani namwandikia 10,000 toa 4,200, ananiandikia 6,800. Hesabu ileile, asubuhi ileile! Nikimwambia arudie anaitazama karatasi mpaka machozi yanamlengalenga.

Mume wangu anasema ni uvivu wa daftari. Mimi siamini, kwa sababu mtoto huyu hakwepi kazi yoyote. Naomba mawazo yenu.

#2 Kijana wa Tandale
Lita 1,200? Nahamia Kilolo kesho.

Nakaa hapa nasubiri wenye uzoefu.

#3 Mwalimu Mstaafu
Shikamoo si lazima, mwanangu, twende kwenye hesabu yako moja kwa moja.

Hilo jibu la 6,800 lisikupite. Mtoto hakubahatisha. Kwenye mamia alikuta sifuri toa mbili, akakopa, akapata kumi toa mbili, nane. Sawasawa kabisa. Alichoacha ni kupunguza kule alikokopa. Kwenye maelfu alitakiwa abaki na tisa, yeye akabaki na kumi, akatoa nne, akaandika sita. Hesabu zenye sifuri zilizofuatana ndizo zinazowaangusha watoto wengi darasa la tatu na la nne, kwa sababu jirani naye hana cha kukopesha, inabidi uvuke mpaka kwenye ile moja ya mbele.

Sasa angalia anachofanya mlangoni. Nina hakika hatoi kabisa, anaongeza. Kutoka 4,200 anaweka 300 inakuwa 4,500, anaweka 500 inakuwa 5,000, anaweka noti ya elfu tano, elfu kumi imetimia. Ndivyo wauza duka wote wanavyorudisha chenji. Kwa hiyo unaziita hesabu moja, lakini mikononi mwake ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza anaijua, ya pili bado.

Mwulize kesho akueleze kwa mdomo anavyopata 5,800.

#4 Wakili Kijana
Kabla ya hesabu, dada, kuna jambo la sheria. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, ya mwaka 1978, inataka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize, na mzazi ndiye anayewajibika. Kusomesha nyumbani hakukutajwa humo kama njia mbadala. Umejipangaje?

#5 Mzee wa Parachichi
#4 mwacheni mama wa watu. Ameuliza hesabu, wewe unaleta mahakama.

Huko Njombe mnapata bei gani ya parachichi za Hass mwaka huu?

#6 Mlugaluga
#5 Kilolo ni Iringa mzee wangu, si Njombe.

#7 Msomi wa Usiku
Mwalimu #3 amegusa jambo ambalo limeshafanyiwa utafiti. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha kazi yao kutoka Recife, Brazil. Walikwenda mitaani wakawa wateja wa watoto wanaouza nazi na vitu vidogovidogo, wakawauliza bei: nazi kumi ni kiasi gani, nikikupa noti hii unanirudishia ngapi. Watoto walipatia zaidi ya asilimia 98. Baadaye wakawakalisha na karatasi wakawapa hesabu zilezile. Zilizoandikwa kama maswali ya maneno walipatia kama asilimia 74, na zile tupu za namba na alama walishuka mpaka kama asilimia 37.

Yaani kilichomtokea binti yako mlangoni na mezani kilishaonekana kwa watoto wa ng'ambo ya bahari. Si uvivu. Mwambie mzee apunguze ukali.

#8 Dada wa Takwimu
Nakazia #7 ila niongeze kitu ambacho huwa hakisemwi: watoto wenyewe walikuwa watano tu. Maswali yalikuwa mengi, watoto wachache. Utafiti ni mzuri na umenukuliwa kila mahali, lakini hauwezi kukuambia kwamba kila mtoto anayekosea daftarini ana akili ya soko. Wengine wanakosea kwa sababu nyingine kabisa.

#9 Mama Ubaya Ubwela
Mpimeni macho. Wa kwangu alikuwa anasoma ubaoni vizuri, kitu cha karibu anakiona kwa ukungu na kichwa kinamuuma. Tulimwita mvivu mwaka mzima, kumbe miwani.

#10 MamaWatatu
Asanteni wote, nawajibu kwa mkupuo maana mtandao huku unakuja na kuondoka.

Mwalimu #3, nimemwuliza. Ni kama ulivyosema, neno kwa neno. Anaanzia kwenye bei anapanda. Na hiyo lita tatu na nusu hazidishi: anasema tatu ni 3,600, nusu ni 600, basi.

#9, macho nimeyafikiria. Hadithi anasoma bila shida, hata zile za maandishi madogo, usiku kwa taa. Ila nitampeleka, haina hasara.

Wakili #4, mkubwa ameandikishwa shule ya kijiji cha pili na mtihani wa darasa la nne aliufanyia pale. Shule yenyewe iko ng'ambo ya mto. Kiangazi watoto wanavuka kwa kuruka mawe. Masika mto unajaa, hakuna daraja, na asubuhi ukungu ni mzito hata mtu mzima hamwoni aliye mbele yake. Kuwafundisha nilianza wakati shule zilipofungwa nchi nzima Machi 2020 kwa ajili ya korona. Zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni niliona mkubwa amepiga hatua kubwa, nikaendelea. Mtendaji wa kijiji alikuja, akayaangalia madaftari, akatuaga.

#11 Wakili Kijana
#10 nashukuru kwa maelezo. Huyo wa miaka tisa naye aandikishwe. Nasema hivi si kwa kukutisha. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mtoto anaufanya kupitia shule aliyosajiliwa. Akikosa pale, njia iliyobaki ni ndefu: MEMKWA kwa waliokosa shule, au baadaye sana mtihani wa maarifa, ule QT, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia ipo, lakini kwa nini umpitishe huko mtoto anayepiga hesabu hivyo? Tena mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 unaipeleka elimu ya msingi kwenye miaka sita. Muda ni mfupi kuliko tulivyozoea.

#12 Shangazi Mkali
Nimesoma uzi wote kimya. Sasa naomba nimwulize mleta mada swali ambalo wanaume humu hawataliuliza.

Wangekuwa wavulana watatu, wangebaki nyumbani? Naona mabinti wanaowasha moto, wanaouza maziwa, wanaofua, wanaochambua maharage, halafu masomo yanapata kile kipande cha asubuhi kilichobaki. Mimi nilikua hivyo Singida. Kaka zangu walipelekwa bweni, sisi tuliambiwa shule ni mbali. Umbali ulikuwa uleule kwetu sote.

Mtoto wa miaka tisa ameamka giza, amesimama mlangoni na baridi ya Iringa ya mwezi wa saba, amehudumia watu, ndipo anakaa mezani akope kwenye sifuri. Mimi naona amechoka tu. Kabla ya Brazil, mpeni usingizi.

#13 Binti Tanga
#12 umesema kweli tupu shangazi.

Na mimi niongeze jambo la usalama. Mwanafunzi analindwa na sheria ile ya miaka 30 jela kwa anayempa mimba, ya mwaka 2018. Binti asiye kwenye rejesta ya shule analindwa na nini?

#14 Wakili Kijana
#13 marekebisho yale ni ya 2016, si 2018. Na ni kweli yanamtaja mwanafunzi wa shule ya msingi na sekondari, kwa hiyo kuandikishwa kuna maana zaidi ya mtihani. Lakini mtoto chini ya miaka 18 haachwi wazi, makosa ya kujamiiana dhidi ya mtoto yapo kwenye Kanuni ya Adhabu bila kujali anasoma wapi. Upande wa ndoa, Mahakama Kuu ilishasema mwaka huohuo wa 2016 kwenye kesi ya Rebeca Gyumi kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya 18 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019.

#15 MamaWatatu
Shangazi #12, nimelisoma swali lako mara nyingi kabla ya kujibu.

Wangekuwa wavulana wangekaa meza ileile, kwa sababu mto ule hauchagui. Hilo najibu bila wasiwasi. Kuhusu kazi, huku kila anayeishi humu ndani anafanya kazi, baba yao hakai hata kidogo. Lakini moto wa asubuhi ungewashwa na nani, hapo sina jibu la haraka, na sitaki nikupe jibu la kukuridhisha tu. Usingizi nimeuchukulia uzito. Kuanzia wiki hii baba yao atawahudumia wateja wa alfajiri, wa kati aanze na wale wa saa moja.

Wa miaka tisa nitamwandikisha. Asante Wakili.

#16 Mzee wa Parachichi
Mimi napinga hoja ya uchovu. Mtoto aliyechoka angekosea chenji. Chenji ndiyo anapiga alfajiri akiwa na usingizi zaidi! Mezani amekunywa uji, amepata joto, anakosea. Mnalielezaje hilo?

#17 Shangazi Mkali
#16 chenji ameizoea, haimtoi jasho. Kitu kipya ndicho kinachodai nguvu. Wewe mwenyewe ukiwa umechoka unaendesha pikipiki hadi nyumbani, lakini huwezi kusoma mkataba.

#18 Nyumba Kumi
Huku kwetu Kitui, Kenya, mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mzazi asiyempeleka mtoto shuleni anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi laki moja, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na bado kuna familia zinazofundisha nyumbani, hasa za watu wa kanisa. Dada yangu alikuwa anawafundisha wasichana wake wawili. Hesabu hazikumpa taabu. Taabu ilikuwa mtoto kumwona mama ni mama saa nne na mwalimu saa nne na nusu. Akikosea, hajui ni nani aliyekasirika.

Mama Watatu, hayo machozi ndiyo ninayoyaangalia mimi. Mteja akirudishiwa chenji vibaya atasema tu "umekosea." Mama akiona kosa anavuta pumzi, na mtoto ameisikia hiyo pumzi. Jaribu mtu mwingine amsimamie, hata dadake mkubwa.

#19 Mama wa Houston
Nawasalimu kutoka Texas. Huku kusomesha nyumbani kunaruhusiwa majimbo yote, na Texas tangu hukumu ya Leeper ya 1994 inahesabiwa kama shule binafsi, huombi kibali. Kanisani kwetu kuna familia za Wakongo kadhaa wanaofanya hivyo, tunaongea Kiswahili siku nzima na watoto wanajibu Kiingereza.

Nilichojifunza kwao: wiki hazipiti bila watoto kukutana na wenzao wanaosoma kitu kilekile. Mtoto aliye peke yake kwenye ngazi yake hajui kwamba kukosea kukopa kwenye sifuri ni kawaida. Anadhani ni yeye peke yake duniani. Darasani angeona nusu ya wenzake wameandika 6,800, angefuta na kuendelea.

#20 Mwanachuo wa Wete
Ahsanteni kwa mada. Kwetu Pemba mtoto anakwenda chuo cha Qurani na skuli, akirudi ana kazi za nyumbani, na hilo la #19 nimeliona sana. Mtoto mmoja akisoma mbele ya mwalimu sauti inatetemeka. Wakisoma kumi kwa pamoja, hata asiyejua anajifunza kwa sikio.

Ila nna suali. Huyu wa miaka tisa anafundishwa juzuu gani ya hisabati, ya darasa la tatu au la nne? Maana nusu kwa maneno na 3.5 kwa nukta ni mambo ya madarasa mbalimbali.

#21 MamaWatatu
#20, la tatu anamalizia, na nukta bado sijamgusisha. Nusu na robo anazijua kwa kikombe cha kupimia.

Nimejaribu mambo mawili nilete majibu.

La kwanza, la Mwalimu. Nilimwachia aandike njia yake ya mlangoni kama anavyoisema, bila kupanga namba moja juu ya nyingine. Alipatia zote. Nikafurahi. Kisha nikampa 10,003 toa 4,267, akasema "Mama, hakuna mteja wa bei hiyo," akagoma kabisa.

La pili, la #18. Niliomba mkubwa amsimamie. Hapo ndipo nimechanganyikiwa zaidi. Wa kati hakulia, alipata nusu. Lakini mkubwa akasema, na sikuwahi kulijua hili, kwamba yeye mwenyewe hapendi kukaa mlangoni kwa sababu chenji humchanganya. Mtoto ambaye daftari lake ni safi kuanzia ukurasa wa kwanza! Anakopa kwenye sifuri bila kutikisika. Nikampa noti ya elfu kumi na maziwa ya 4,200, akaomba karatasi.

Meza moja, mama mmoja, uji mmoja. Mmoja kaipata karatasi kakosa chenji, mwingine kinyume chake.

#22 Msomi wa Usiku
#21 hii ni nzuri sana. Inaonyesha karatasi na soko havihami vyenyewe kutoka kimoja kwenda kingine, pande zote mbili. Kila mmoja amejua kile alichokaa nacho muda mrefu. Mkubwa amesoma zaidi, wa kati ameuza zaidi. Wabadilishane zamu.

#23 Dada wa Takwimu
#22 umekimbilia hitimisho. Watoto wawili! Juzi nimesema watano ni wachache. Huenda mmoja ni mwepesi wa kusikia na mwingine ni mwepesi wa kuona. Huenda mkubwa ana aibu na watu tu, hesabu haihusiki. Ampe mkubwa chenji jikoni, pasipo mteja, tuone.

#24 Mwalimu Mstaafu
Nakubaliana na #23 kuhusu jikoni. Nakataa ya wepesi wa kusikia na kuona, miaka yangu yote ya chaki sikuona mtoto aliyesaidiwa kwa kuwekwa kwenye fungu hilo.

Kwa 10,003 mwanangu, usimlazimishe. Rudi kwenye 100 toa 42, mpe vijiti mia, mafungu kumi ya kumikumi: fungu moja likifunguliwa anaona yanabaki mafungu tisa na vijiti kumi. Anatakiwa aione ile tisa kwa macho. Sifuri mbili zikikaa, ongeza ya tatu. Na wiki hiyo usiweke alama ya kosa kwa kalamu nyekundu.

#25 Mama Ubaya Ubwela
Mimi bado niko kwenye macho. Wote wawili wapimwe.

#26 Mzee wa Parachichi
Jamani bei ya Hass hakuna aliyenijibu. Nina miti inaanza kuzaa na madalali wameshaanza kuja.

#27 Mlugaluga
#26 fungua uzi wako mzee, tutakuja. Usiuze mtini kabla ya kupima. Madalali wanahesabu kwa jicho, wewe unalipwa kwa jicho lao.

#28 Shangazi Mkali
#27 hapo umenipa wazo. Mama Watatu, msimu wa parachichi ukifika, huyo wa kati akae kwenye mizani na dalali, na mkubwa aandike. Mmoja anataja, mwingine anaweka kwenye daftari, jioni wanalinganisha. Baba yao abebe kreti.

#29 MamaWatatu
#28 nimemsomea baba yao, amecheka na kukubali kreti. Kuhusu chenji ya jikoni nitawapa majibu nikishuka mjini.

#24, vijiti tumeshakata leo. Mdogo ameng'ang'ania kuvifungua yeye, na amekuwa wa kwanza kusema yamebaki mafungu tisa. Sasa wa kati amenuna.

#30 Mwanachuo wa Wete
#29 haya sasa, ya mdogo nayo inatoka wapi? Ana miaka sita! Mwalimu #24 tueleze.